Mkongojo ushikwe mkono upi?

SWALI: Mama ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua. Nimemnunulia mkongojo, anaushika mkono wa kulia, lakini bado anachechemea. Tumekosea wapi?

JIBU: Mkono. Wengi huuweka upande unaouma, lakini kwa mama ahamishie kushoto. Mkongojo na mguu wa kulia vitangulie pamoja, ndipo wa kushoto ufuate. Hapo goti hupunguziwa mzigo.

Pima na urefu. Avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima, mikono ikining'inia: kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiwa mrefu, bega hupanda. Ukiwa mfupi, mgongo huinama. Wa mti hukatwa kwa msumeno, lakini taratibu, maana ukizidisha hauungiki.

Geuza ncha uutazame mpira. Ukiwa umelika kama kisigino cha kandambili kuukuu, badilisha leo, hasa kama bafu lenu ni la sakafu laini.

Kwenye ngazi, akipanda aanze na mguu mzima. Akishuka, mkongojo na mguu mbovu vitangulie.

Akianza kuyumba au kuanguka, mkongojo hautoshi. Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia.