Kufufua Injini ya Eropleni Ndogo

Mkaaji wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hana haja ya kuelezwa maana ya injini kuzimika. Injini ya mashua ikizimika karibu na Bandari ya Kale, nahodha hutia nanga, au huomba kamba kwa chombo kingine akavutwa mpaka pwani. Lakini injini ya eropleni ikizimika angani, hapana nanga, wala hapana wa kumtupia rubani kamba. Kwa hiyo fundi wa mashua atakaye kujifunza kazi ya eropleni ndogo, ile iliyoundwa na mwenyewe nyumbani, yampasa kushika jambo moja kwanza: injini iliyovunjika haiponi kwa kutiwa kipande kipya tu, hupona sababu ya kuvunjika kwake ikijulikana.

MFANO WA EROPLENI YA KWANZA

Jambo hili lilidhihirika tangu mwanzo kabisa, kwani eropleni iliyoanza kuruka kwa nguvu za injini iliundwa na watu wawili kwa mikono yao. Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani. Walipokosa kiwanda cha kuwauzia injini nyepesi, fundi wao, Charles Taylor, aliwaundia moja kwa muda wa majuma sita. Ilikuwa na silinda nne, na mwili wake ulisubiwa kwa alumini ili uzito upungue.

Injini hiyo ilijaribiwa mwezi wa Februari 1903. Haikupita muda ila petroli ilitona juu ya beringi, beringi zikakauka na kushikana, na mwili wa injini ukavunjika. Basi kilichoiharibu ni matone tu, kwa kuwa petroli huosha mafuta ya kulainisha, na chuma kisicho na mafuta hukamatana na chuma kingine. Mwili mpya ulipatikana mwezi wa Aprili, injini ikaundwa upya.

Ndugu hao walikuwa wakihitaji nguvu za farasi 8. Injini mpya ilitoa karibu 16 kwa sekunde chache za mwanzo, kisha ilipopata joto ikashuka hadi 12. Wao walifanya hesabu zao kwa 12, si kwa 16. Fundi mwenye busara naye hufanya vivyo hivyo: haisifu injini mpaka imepata moto.

Hata hivyo taabu haikwisha. Mwezi wa Novemba, huko Kitty Hawk, mtikisiko wa injini uliharibu shafti za rafadha, na magurudumu ya meno yakawa yanalegea kila yakazwapo, mpaka yaliposhikizwa kwa gundi ya tairi za baiskeli. Shafti moja ikapasuka tena. Orville akasafiri kurudi Dayton kuleta shafti nyingine za chuma cha pua. Tarehe 17 Desemba 1903 eropleni ikaruka mara nne. Mara ya kwanza kwa sekunde 12, na mara ya nne kwa sekunde 59.

KUFUNGUA NA KUCHUNGUZA

Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba, havipitishi mbawa za eropleni. Lakini injini ikisha kushushwa yaweza kufunguliwa juu ya meza ya fundi, mahali popote palipo safi na pakavu. Kazi ya kwanza ni kutazama. Mafuta yamwagwe katika chombo cheupe: yakiwa na chembe za chuma zing'aazo, kuna kitu kinacholika ndani. Plagi nazo zitazamwe. Masizi makavu yaonyesha kwamba petroli imezidi. Plagi iliyolowa mafuta yaonyesha kwamba mafuta yanapenya penye ringi za pistoni au valvu. Kisha kila kipande kitiwe namba, kioshwe, kipimwe, na kulinganishwa na vipimo vilivyomo katika kitabu cha mtengenezaji.

Hapa pwani yuko adui mwingine, naye ni hewa ya chumvi. Injini iliyokaa miezi mingi bila kuzungushwa huweza kushika kutu ndani ya silinda, mahali jicho lisipofika. Kadhalika tangi lisilojaa hukusanya unyevu, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, ambako ndiko njia ya kwendea injini ilipo. Kufufua injini na kuacha maji tangini ni kazi bure.

KUUNGA

Beringi, pistoni na kuta za silinda vipakwe mafuta wakati wa kuunga, kwa sababu katika dakika ya kwanza pampu haijafikisha mafuta kila mahali. Gasketi ziwe mpya. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kadiri iliyoandikwa kitabuni, wala si kwa kukisia kwa mkono; kisha zile zilizotengewa pini au waya zifungwe, maana mtikisiko hulegeza kila kilichoachwa wazi.

KUWASHA

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Injini nyingi za eropleni ndogo hupata cheche kutoka kwa magineto, ambayo haihitaji betri. Swichi huizima kwa kuiunganisha kwa waya na mwili wa injini. Waya huo ukikatika, swichi yaonyesha kwamba imezimwa, nayo magineto ingali hai, na mtu akiisukuma rafadha kwa mkono injini yaweza kushtuka na kumkata. Basi kila rafadha ihesabiwe kuwa hai.

Magurudumu yazuiwe, mkia ufungwe, mtungi wa kuzimia moto uwekwe karibu, na mtu ajuaye kazi akae kitini. Plagi zikiwa zimetolewa, injini izungushwe mpaka kipimo kionyeshe kwamba mafuta yanasukumwa. Ndipo plagi zirudishwe na injini iwashwe. Jicho la kwanza liwe juu ya kipimo cha mafuta: sindano isipopanda katika sekunde 30, injini izimwe mara moja. Ikipanda, injini iache ingurume kwa muda mfupi, izimwe, na kila kiungo kitazamwe kama kinavuja. Yote yaandikwe katika daftari ya injini.

Injini ikinguruma vizuri, kazi bado. Katika Kenya eropleni haina ruhusa ya kuruka bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoundwa mwaka 2002. Fundi asione kwamba mkaguzi anamdharau. Jicho la pili huona tone ambalo jicho la kwanza limelizoea, na tone ndilo lililoivunja injini ya Dayton.

MASWALI

1. Kwa nini petroli iliyotona juu ya beringi iliivunja injini?
2. Kwa nini nguvu za injini zipimwe ikiwa imepata joto?
3. Kwa nini rafadha ni ya kuogopwa hata swichi ikiwa imezimwa?