Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 19: "Ulitulipa magunia"



Leo tuongee kidogo kuhusu kazi na motisha. Mnakumbuka Mei Mosi ya 2025 ilifanyika kitaifa hapa kwetu Singida, uwanja wa Bombadia, Rais akatangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kitoke shilingi 370,000 kifike 500,000 kuanzia Julai. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Anayewaza kodi ya nyumba akiwa kazini, haiwazi kazi. Lakini je, pesa ikiongezeka, na moyo wa kazi unaongezeka?

Nikupe yangu. Msimu uliopita, kwenye mashine yangu ya kukamua alizeti, niliwaahidi vijana nyongeza kwa kila gunia. Wallahi walichapa kazi! Wiki ya pili nikashika mashudu, yananata mafuta mkononi. Walikuwa wanaikimbiza mbegu, mafuta yanabaki humo humo. Nikafoka. Kijana mmoja akanijibu kwa upole tu, "Mzee, ulitulipa magunia, hukutulipa mafuta." Sikuwa na jibu. Na mkulima aliyeondoka na lita pungufu, dhima yake iko shingoni kwangu, si kwa yule kijana.

Sasa msome Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Kafika Madyan mkimbizi, hana kitu, akawanyweshea mifugo mabinti wawili bila kutaja ujira, akaenda zake kivulini. Baba yao alipomwita ili amlipe, alikwenda, hakuona aibu. Wakapatana: aoe binti mmoja, afanye kazi miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba alitimiza ule muda mrefu. Ile 8 ni mkataba. Ile 2 ya juu, nani angeweza kuinunua?

Ila tajiri asiisome hii akasema "basi vijana wafanye kwa ikhlas", huku mshahara wa mwezi jana haujatoka. Musa aliitwa alipwe.

Msimu ujao, inshaAllah, nitalipa kwa siku, na mafuta yatapimwa mbele ya mwenye mali. Waliopungukiwa nimeshawapata wanne, wawili bado nawatafuta kabla ya Iddi. Kama ulikamua kwangu na hukuridhika, nione baada ya tarawehe, pale kwenye birika la udhu.