Peugeot 504 Yako Inachemsha? Usikimbilie Kununua Rejeta

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudia tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Zile za mkia mrefu zilibeba abiria wa Nairobi kwenda bara miaka na miaka, zimejaa mpaka buti, na zikafika. Gari la namna hiyo halikuundwa lichemshe kwenye foleni ya Mombasa Road! Ikiwa yako inachemsha, kuna kitu kimeharibika, na mara nyingi ni kitu cha bei ndogo. Kunja mikono ya shati, twende kazi.

1. Kwanza uliza: inachemsha wapi?

Ukikumbuka kidokezo kimoja tu leo, kiwe hiki. Kabla hujagusa spana, angalia mshale wa joto unapanda wakati gani. Unapanda kwenye foleni, halafu ukipata barabara wazi unashuka wenyewe? Hapo shida ni hewa, kwa hiyo anza na feni. Mjini gari ni poa, ila ukishika kasi ya 90 au ukianza kupanda mlima kama Kitonga linapandisha? Shida ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, pampu imechoka, mkanda unateleza, au mpira wa chini unanywea pampu inapovuta. Na kama linachemsha dakika chache tu baada ya kuwasha, asubuhi na baridi yake, shuku maji yamepungua, thamostati imekwama au gasketi ya hedi imekufa. Andika kwenye simu. Fundi mzuri atakushukuru, na fundi wa kubahatisha hatapata nafasi ya kubadilisha vitu ovyo kwa pesa yako.

2. Mikono mbali na kifuniko cha rejeta

Tunajua una haraka. Hata hivyo, subiri! Maji yaliyo chini ya presha hulipuka kuwa mvuke papo hapo ukifungua. Ngoja mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kukuunguza, weka tambara nene, zungusha kidogo, acha pumzi itoke, ndipo ufungue. Na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, inapinda upesi. Mshale ukianza kupanda njiani, washa hita hadi mwisho na ufungue madirisha: utatoka jasho, lakini joto linatoka kwenye injini na utapata mahali salama pa kusimama.

3. Kifuniko hicho hicho kitazame vizuri

Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Umeshapoteza nyuzi sita kabla hujawasha gari! Kazi ya kifuniko ni kuzirudisha: presha ya nusu bar tu husogeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 10. Mpira wake ukikauka na kupata nyufa, au springi ikilegea, maji yanatoka pole pole na hulioni tundu popote. Nunua chenye namba ileile iliyogongwa juu yake. Usiongeze presha ukidhani unasaidia, maana viungo vilivyolehemewa vya rejeta ya zamani vitafumuka.

4. Feni ya 504 ina ujanja wake

Hapa wengi hupotea. Feni ya 504 nyingi za petroli haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme: maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme, sumaku inanasa, feni inashika. Umeme huo hupita kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachosugua pete ya shaba, na kaboni hiyo huisha. Ikiisha, feni inazunguka kilegevu kwa upepo tu, nawe unaiona inazunguka na kuamini ni nzima. Jaribio ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, peleka waya kutoka chanya ya betri hadi kwenye waya wa feni. Ukisikia “tak!” na feni ikawa ngumu kuzungusha kwa mkono, sumaku na kaboni ni nzima; shida iko kwenye swichi, fyuzi au waya. Kimya? Badilisha kaboni, safisha pete kwa msasa laini, ujaribu tena.

5. Thamostati iende jikoni

Ifungie uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto. Namba iliyogongwa juu yake, 82 kwa mfano, ni nyuzi za joto ambapo inapaswa kuanza kufunguka. Haifunguki? Nunua nyingine. Lakini ule mtindo wa “toa tu, tupa” ukatae: injini itakaa baridi, itakunywa petroli nyingi na kulika upesi.

6. Rejeta: nje kwanza

Piga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, taratibu, wadudu na vumbi watoke walikoingilia. Presha kali hukunja mapezi. Kisha injini ikiwa na moto, umeizima, pitisha kiganja mbele ya rejeta: sehemu iliyo baridi peke yake imeziba ndani. Rejeta ya shaba hufunguliwa na kuzibuliwa na fundi rejeta, huna haja ya mpya. Baada ya hapo weka kulanti, maji ya kisima yenye chumvi sasa basi.

7. Gasketi: ijue mapema

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa. Mapovu yanatoka bila kukoma? Oili imekuwa kama chai ya maziwa? Moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto? Hizo ni dalili za gasketi iliyokufa: zima, usiendeshe tena. Hedi ikishushwa, simama hapo hapo fundi aweke rula ya chuma juu yake na kupima upenyo kwa fila geji. Kama imepinda, ikasawazishwe kwanza, ndipo gasketi mpya iingie, na bolti zikazwe kwa toki renchi kwa mpangilio wa kitabu cha gari.