Udi wa Misri, au udi mzuri?

SWALI: Nataka kununua udi nipigie taarabu hapa Lamu. Wazee wanasisitiza uwe wa Misri. Dukani kuna wa bei nafuu, haujulikani ulikotengenezwa. Nifuate nini?

JIBU: Ndugu yangu, wazee wana haki yao. Cairo ina mafundi wa udi wa vizazi na vizazi, na sauti waliyoizoea wazee wetu ni ile. Lakini kumbuka taishokoto, ile ala ya nyuzi: ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na leo ukiisikia katika nyimbo za mwimbaji wa taarabu Zuhura Swaleh wa Mombasa, ni nani atakwambia hiyo si ya pwani? Aliyeipiga ndiye aliyeifanya yetu.

Kwa hiyo uchunguze udi wenyewe. Utazame kwa ubavu, pale shingo inapokutana na tumbo: nyuzi zikiwa juu sana, vidole vitauma na sauti itapanda kila ukibonyeza. Zungusha vigingi kimoja kimoja. Kinachoteleza hakitashika sauti. Kisha pitisha kucha kwenye maungio ya mbao za mgongo. Ukihisi ufa, uache, hata ukiwa wa Cairo kwelikweli, maana unyevu wa bahari yetu huilegeza gundi haraka.

Na ukihitaji amplifaya ya kupazia sauti ya udi huo, hapo ndipo kabisa usihangaike na nchi ilikotengenezwa. Chumvi ya hewa haichagui. Nunua ile ambayo fundi wa hapa au wa Mombasa anaweza kuifungua na kupata vipuri vyake.