Fedha ya Nyumba kwa Kaya ya Kipato Kidogo: Somo kwa Wakazi wa Igogwe



Tuanze na swali ambalo wengi hulibeba moyoni kabla ya kulifikisha ofisi ya kijiji: je, Serikali hutoa fedha kumsaidia mtu wa kipato kidogo kujenga nyumba? Hakuna ruzuku ya jumla ambayo kila kaya ya kijijini inaweza kuiomba ili ipate nyumba. Ipo misaada ya namna nyingine, na ipo mikopo, lakini kila mmoja una mlango wake, na anayebisha mlango usio wake hupoteza nauli ya kwenda Tukuyu na kurudi.

Mkopo wa Halmashauri utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ndio unaochanganywa zaidi na mambo ya nyumba. Fedha hiyo hugawanywa asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, na kwa sababu hiyo huwavutia wengi. Hata hivyo imewekwa kwa shughuli za uzalishaji mali: ng'ombe wa maziwa, viazi, ushonaji, mashine ya kukoboa. Kikundi kinachoomba fedha ya kuku kisha kikagawana bati hakina faida ya kurejeshea mkopo, na wanaoumia ni wanakikundi wenzao. Ruzuku ya TASAF nayo ni ya kaya zilizotambuliwa kuwa maskini sana, ili zipate chakula, elimu na matibabu ya watoto. Mlengwa aliyejiwekea akiba kidogo kidogo akanunua bati tatu hajakosea, ila asiihesabu ruzuku hiyo kuwa mfuko wa ujenzi.

Taifa letu limewahi kuwa na benki ya nyumba. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikakopesha wajenzi wa mijini na vijijini, na ikafungwa mwaka 1995 baada ya marejesho kulegalega kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kupata mkopo mrefu wa nyumba. Mabenki ya biashara hutegemea amana ambazo wenyewe wanaweza kuzitoa wakati wowote, na fedha ya namna hiyo ni vigumu kuikopesha kwa miaka 15. Ndiyo maana Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008 ilitungwa, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayoyapatia mabenki fedha ya muda mrefu ili nayo yaweze kuwakopesha wanunuzi na wajenzi wa nyumba. TMRC haimkopeshi mwananchi mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuiandikia.

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanza mwaka 1962, hujenga nyumba za kuuza na kupangisha, na zilizo nyingi zimo mijini. Watumishi Housing nayo iliundwa kwa ajili ya watumishi wa umma. Mwalimu au muuguzi aliyeajiriwa na Serikali na anayeishi Igogwe anaweza kuulizia huko, kwa kuwa mshahara wake ndio dhamana inayotazamwa kwanza. Mkulima wa chai au mfugaji hana hati ya mshahara, na hapa ndipo ugumu wenyewe unapoanza.

Hesabu ya mkopo wa benki

Tuchukue mfano wa mkopo wa nyumba wa shilingi 30,000,000, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, unaolipwa kwa miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni takribani shilingi 461,700. Baada ya miezi 180 mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 83,000,000. Zaidi ya milioni 53 ni riba. Hatusemi kwamba benki inadhulumu, maana ndiyo bei ya fedha ya muda mrefu katika soko letu. Lakini kaya ambayo maziwa, ndizi na majani ya chai huiingizia shilingi 300,000 kwa mwezi haiwezi kubeba mzigo huo, na afisa mikopo anayeihimiza kufanya hivyo hawatakii mema watoto wa kaya hiyo.

Kuna jambo la pili. Benki hutaka dhamana ambayo ikibidi inaweza kuuzwa. Sehemu kubwa ya ardhi yetu nje ya mji ni ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 haihamishwi kwa mtu asiye wa kijiji pasipo idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Benki huona kwamba wanunuzi watakuwa wachache, hivyo huipa thamani ndogo au huikataa. Wako wanaoiona sheria hiyo kuwa kikwazo kwa maendeleo. Sisi tunaiona pia kuwa ukuta: bila hiyo, migomba ya wazee wetu ingekwisha kununuliwa na wenye fedha wa mbali ndani ya kizazi kimoja.

Hati ya Haki Miliki ya Kimila

Hata kwa asiyekusudia kukopa, hati ni jambo la kwanza. Mwombaji hujaza fomu kwa Halmashauri ya Kijiji, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 90. Mipaka huhakikiwa shambani, majirani wakiwapo. Hati ikikamilika husainiwa na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, kisha husajiliwa katika Ofisi ya Ardhi ya Wilaya. Nakala moja hubaki kwa mmiliki, nyingine kwenye masijala ya kijiji, nyingine wilayani. Kijiji nacho hakina budi kuwa na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, hivyo mwombaji aulize jambo hilo mapema. Haki hii ya kimila yaweza kuwa ya muda usio na kikomo, tofauti na hati za mijini ambazo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99.

Ugumu wa Igogwe, kama kwingineko Rungwe, aghalabu hauko kwenye fomu. Uko kwenye familia. Ardhi ni nyembamba, na kiwanja kimoja chenye migomba hubeba nyumba ya mama mjane, nyumba ya mwana wa kwanza na msingi wa mdogo wake. Nani aandikwe? Ikiwa mwana mmoja ataandika jina lake peke yake, kisha akaiweka hati dhamana, atakuwa ameiweka rehani pia nyumba ya mama yake. Kwa hiyo kabla ya kumwita mpimaji, familia ikae, igawane kwa maandishi mbele ya mashahidi, kila sehemu iandikwe kwa mwenyewe. Sheria inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja katika hati moja. Tunawasihi wafanye hivyo. Hatujaona hasara yake.

Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala haiuzwi na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama mwombaji ana mke au mume. Mama unapoletewa karatasi jioni uambiwe, "Weka saini hapa, ni ya benki tu," una haki ya kuisoma, kuipeleka kwa mtu anayejua kusoma mikataba, na kukataa.

Mikopo midogo na hatua za ujenzi

Nyumba nyingi za Igogwe hazikujengwa kwa mkopo mmoja. Zimejengwa kwa hatua, na njia hiyo ina hekima yake. Benki Kuu nayo iliwahi kuwekewa Mfuko wa Mikopo Midogo ya Nyumba, ili taasisi za fedha ziweze kukopesha hatua moja moja: msingi, kuta, paa. Kwa mkulima, mlango ulio karibu zaidi ni SACCOS, ambayo humkopesha mwanachama kwa kutazama akiba na hisa zake.

Hapo napo uliza swali moja kabla ya yote: riba inakokotolewa juu ya nini? Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Ikikokotolewa kwenye salio linalopungua kila unapolipa, rejesho ni kama shilingi 149,800 kwa mwezi, na riba yote ni karibu shilingi 595,000. Ikikokotolewa kwenye mkopo wote wa awali hadi mwisho, rejesho ni shilingi 170,000 na riba yote ni shilingi 1,080,000. Asilimia ni ileile katika tangazo, lakini tofauti ni fedha ya bati nyingi.

Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wanasimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata ukomo huo ni asilimia 42 kwa mwaka. Haufai kujengea nyumba, ambayo haizai fedha ya kulipia. Mkopeshaji asiye na leseni, anayeshika kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, ndiye yule ambaye watu humwita kausha damu. Jina hilo linatosha.

Mvua ya Tukuyu haisubiri mkopo. Ukuta wa tofali mbichi ulioachwa wazi tangu Novemba huweza kuwa tope ifikapo Aprili. Kwa maoni yetu, kaya ijitahidi kutafuta mawe, mchanga na tofali kwa nguvu zake na akiba yake, kwa kuwa vitu hivyo vyaweza kukusanywa pole pole, kisha mkopo uelekezwe kwenye paa, ambalo lazima limalizike kwa mara moja. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30 na bei yake ni kubwa zaidi. Mahali penye mvua kama petu, linafaa kufikiriwa. Tofali za kuchoma zinakula kuni nyingi mno. Tofali za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora umezihimiza kwa muda mrefu, hushindiliwa kwa mashine bila moto na hupunguza saruji ya kuungia, ingawa zinahitaji udongo unaofaa na fundi anayezijua.

Marejesho nayo yafuate mapato. Mwenye chai au maziwa anaweza kulipa kila mwezi. Mwenye viazi au parachichi aombe ratiba ya msimu tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kwa maana ahadi ya mdomo haimo kwenye kompyuta ya mkopeshaji.

Mambo yakiharibika, usijifiche. Kwa rehani iliyo chini ya Sheria ya Ardhi, mkopeshaji hapaswi kuuza nyumba kabla ya kumpa mkopaji notisi ya maandishi ya siku 60. Siku hizo ni za kwenda kuzungumza, kuomba ratiba mpya au kuuza kwa hiari sehemu ya mali kwa bei iliyo bora kuliko ya mnada. Chukua notisi, mkataba na stakabadhi zote za malipo. Kama huwezi kumlipa wakili, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akuelekeze kwa watoa msaada wa kisheria; huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hutolewa bila malipo kwa asiye na uwezo.