Miguu Inawaka Usiku, na Kazi Uliiacha Zamani

Ukisimama Voi mjini ukatazama kusini, mlima Sagalla uko pale pale, kama utaunyooshea mkono uuguse. Wagonjwa wangu wengi hutoka huko, mlimani na vijiji vya chini kama Kajire na Mwakoma. Mmoja alikata mkonge maisha yake yote, mwingine alipasua miamba akitafuta tsavorite, kile kito cha kijani chenye jina la Tsavo. Kuna waliofanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya SGR kabla treni haijaanza 2017, na kuna akina mama waliopanda na kushuka na mitungi ya maji tangu utotoni. Maswali yao yanafanana. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu kliniki.

Daktari, nimepumzika miaka mingi sasa. Mbona nyayo zinawaka usiku kama nimekanyaga makaa?

Mzee wangu, hilo jeraha haliko kwenye nyama ya mguu. Liko kwenye mishipa ya fahamu, yaani neva, zile nyaya zinazopeleka habari kwenye ubongo. Waya ukichubuka, hupeleka habari za moto na moto haupo. Ndiyo maana wengine husema siafu wanawatembea, wengine sindano, wengine hawavumilii hata shuka kugusa kidole. Usiku huzidi kwa sababu kelele za mchana zimetulia na mwili umebaki na habari hiyo moja. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo huwa yamegeuka kuwa ugonjwa wenyewe.

Nilikata mkonge miaka ishirini. Si ni ile kazi tu?

Hapa ndipo ninapogombana na wagonjwa wangu kwa upole. Kazi inalaumiwa kwa kila kitu, na nyuma yake sukari inajificha. Nimeona mtu akisema "ni jembe hili" kwa miaka, kumbe hajawahi kutobolewa kidole apimwe.

Kwanza nionyeshe panapouma. Mguu mmoja, kuanzia kiunoni, kupitia tako hadi chini? Huenda mshipa umebanwa mgongoni, na hapo mizigo ya zamani ina kesi ya kujibu. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi, unaamka usiku ukikung'uta mkono? Mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono; nyundo, kisu cha mkonge na kukamua nguo miaka mingi huweza kuleta hilo. Waliokamata mashine za kutoboa mwamba wana lao: mtetemo huumiza neva na mishipa midogo ya damu ya vidole. Vitabu huandika kwamba vidole hugeuka vyeupe kwenye baridi. Kwa joto letu la Voi weupe huo hauonekani sana, ganzi ndiyo inayoonekana.

Lakini nyayo zote mbili zikianza pamoja, ganzi ikapanda polepole kama soksi inayovutwa, hapo usinihadithie mkonge. Neva ndefu kuliko zote ni zile zinazofika miguuni, kwa hiyo chochote kinachotia sumu mwili mzima huzianza hizo. Tunatafuta kisukari, pombe ya miaka mingi, upungufu wa vitamini B12, virusi vya UKIMWI. Ukoma pia bado upo. Dawa nazo zimo: isoniazidi ya kifua kikuu huweza kuchoma neva, ndiyo maana hupewa pamoja na vitamini B6, na metformin ya kisukari ikitumiwa miaka mingi hupunguza B12. Usiiache dawa yoyote kwa kusoma haya. Njoo nayo tuizungumzie.

Sindano ya duka la dawa hunituliza siku mbili. Kuna ubaya?

Upo. Mara nyingi hiyo ni diklofenaki. Kwa goti lililovimba ina kazi yake. Kwa neva haisaidii sana, na ukiizoea huchubua tumbo, hupandisha presha na kuchosha figo. Mwenye kisukari tayari figo zake ziko hatarini.

Basi ipi inafaa?

Amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, gabapentini, pregabalini au duloksetini. Ukisoma kwamba ya kwanza ni dawa ya huzuni usishtuke, hatujakuona mwendawazimu. Dawa hiyo hupunguza kelele za neva. Hukausha mdomo na kuleta usingizi, na mwenye shida ya moyo au ya kukojoa aseme mapema. Ipe wiki kadhaa. Neva iliyokatika hukua kama milimita 1 tu kwa siku, haraka haina nafasi hapa. Na sijaahidi kuyafuta maumivu yote. Yakipungua nusu, ukalala, ukafika shambani, tumefanya kazi.

Sagalla kuna mizinga mingi ya nyuki ya kuzuia ndovu. Nyuki wakinichoma si ni dawa?

Waache nyuki wafanye kazi ya ndovu. Ushahidi ni hafifu, na kuna mtu ambaye mchomo mmoja humzuia kupumua.

Nilale tu, nisifanye lolote?

Hapana. Mwili uliokaa hukaza na maumivu huongezeka. Tembea kila siku, lima kidogo, pumzika kabla hujachoka. Debe la lita 20 lifanye safari mbili za nusu. Usingizi ni tiba pia, najua ni rahisi kusema kwa mtu anayekesha akilinda mahindi yasiliwe na ndovu, gawaneni zamu. Ila miguu yote ikilegea ghafla, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukikataa kutoka au kujitokea wenyewe, usingoje asubuhi. Fika hospitali kuu ya kaunti pale Voi siku hiyo hiyo.

Siku hizi sisikii moto tena. Nimepona?

Swali hili ndilo huniogopesha. Siku moja mama mmoja alivua patipati mbele yangu, mwiba wa mgunga umepita soli na kuzama kisiginoni. Alikuwa ametembea nao tangu jana yake. Mguu unaouma hukulinda. Mguu uliokufa ganzi huungua jikoni, nawe ukanusa harufu kabla ya kuhisi. Vidonda vya namna hiyo ndivyo huishia kwa mtu kukatwa mguu.

Kwa hiyo usiote moto kwa nyayo. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, wala usiende shamba peku. Na jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, geuza nyayo uzitazame. Kama macho hayaoni vizuri, mwite mjukuu akutazamie.