Ukistaafu, nani atakugongea mlango?

Wengi wenu mnaofanya kazi mjini mkikaribia kustaafu huniuliza: nirudi Kericho au Bomet nijenge peke yangu shambani, au ninunue nyumba katika mtaa wenye ua mmoja, mlinzi langoni na chama cha wenye nyumba?

Tazama kwanza mashamba ya majani chai. Mfanyakazi anayekaa katika nyumba ya kampuni ana maji ya mfereji, zahanati iko karibu, na jirani akikohoa usiku anamsikia. Akistaafu hurudisha ufunguo.

Mzee mmoja niliyemtibu alihamia kwenye ekari zake mbili. Dawa zake za shinikizo la damu zilipokwisha hakuumwa na kichwa, akadhani amepona. Ugonjwa huu hauna maumivu, na huo ndio ubaya wake. Alipata kiharusi usiku, akalala sakafuni mpaka kijana wa kuchukua maziwa alipofika asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa nne na nusu za mwanzo, tena baada ya kichwa kupigwa picha. Kwake muda ulikuwa umepita.

Kwa hiyo uzuri wa mtaa wa pamoja si maua ya langoni. Ni kwamba usipoonekana, mtu atauliza. Lakini kabla ya kulipa, chunguza. Je, kuna ngazi? Usiku wa mvua, ni dakika ngapi kwa gari hadi hospitali ya Kericho, Longisa au Tenwek? Ada ya kila mwezi ikipanda, pensheni yako itaifikia? Kanuni za chama zisome zote. (Sijaona bado chama kitakachokuruhusu ng'ombe, na wazee wetu wasio na ng'ombe hawatembei.)

Ukichagua shamba, patana na majirani wawili mgongeane mlango kila asubuhi. Mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chako akupime. Tangu Septemba 2023 wengi wamepewa mashine ya kupimia shinikizo. Dawa za mwezi ujao zinunue kabla za mwezi huu hazijakwisha.

Mzee wangu sasa anatembea kwa mkongojo. Mwanawe amemjengea chumba kando ya barabara, mahali wachumaji wanapopita alfajiri wakimwamkia.